Nani Aijuaye Hali ya Mgonjwa wa Moyo?



Mzee mwenye maradhi ya moyo ukimuuliza hali, atakujibu "Sijambo, alhamdulillah", hata kama usiku kucha alikaa kitandani akitafuta pumzi. Hasemi uongo, ndiyo adabu yetu ya salamu. Lakini daktari anayetaka kujua kama dawa imemfaa, jibu hilo halimsaidii. Na utabibu umehangaika na jambo hili kwa karibu miaka mia moja.

Mwaka 1928 Jumuiya ya Moyo ya New York, Marekani, iliwagawa wagonjwa katika madaraja manne. Wa daraja la kwanza hazuiliwi na shughuli za kawaida. Wa nne huhema hata akiwa amepumzika. Madaraja hayo yangali yanatumika, kwa kuwa ni mepesi. Kasoro yake ni kwamba anayetoa daraja ni daktari. Mwaka 1981 Lee Goldman na wenzake walichunguza madaktari wawili wanapompima mgonjwa mmoja: walikubaliana kwa asilimia 56 tu!

Mwaka 1984 huko Minnesota, Thomas Rector na Jay Cohn walitunga maswali 21 ya kujibiwa na mgonjwa mwenyewe. Je, katika mwezi uliopita moyo umekuzuia kuishi utakavyo? Kwa kuvimba miguu, kukosa usingizi, kushindwa kupanda ngazi, gharama za matibabu, hata kwa kujiona mzigo kwa jamaa zako? Kila swali lina alama 0 hadi 5, na kadiri jumla inavyokua ndivyo hali ilivyo mbaya. Mimi swali la mzigo ndilo lililonigusa, maana hakuna kipimo cha damu wala picha ya moyo iwezayo kulionyesha.

Kisha John Spertus alitoa maswali ya wenye maumivu ya kifua mwaka 1995, na mwaka 2000, yeye na wenzake wa Kansas City, maswali 23 ya wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri. Mojawapo huuliza: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umelazimika kulala umekaa, au kuegemea mito mitatu au zaidi, kwa kukosa pumzi?

Hata hivyo nafuu peke yake haitoshi. Dawa iitwayo flosequinan iliwafanya wagonjwa wajisikie vizuri na kutembea zaidi, lakini ikaonekana kuwa waliopewa walikufa kwa wingi kuliko wasiopewa. Iliondolewa sokoni mwaka 1993. Kwa hiyo watafiti huhesabu vyote viwili, uhai na namna ya kuuishi.

Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliyakubali maswali ya Kansas City kuwa kipimo halali katika majaribio ya dawa. Kwetu kazi ingali ipo. Swali la ngazi linamfaa mkazi wa ghorofani. Bibi wa kijijini afadhali aulizwe kuhusu ndoo ya maji. Na kama hajui kusoma, anayemsomea asimjibie.