Stakabadhi ya Mlima Sinai

Ndugu wasikilizaji, ni nani kati yetu ambaye hajawahi kumwazima mtu kitu kisirudi? Leo ni kitabu, kesho ni ngazi au pasi ya mkaa. Jirani anakuja kwa adabu zote, anaapa kwamba atakirudisha jioni, na jioni hiyo haifiki. Wahenga walikwisha kusema: kukopa harusi, kulipa matanga. Juma hili nataka tuzungumzie kitabu kilichoazimwa mwaka 1859 kutoka jangwa la Sinai, nchini Misri. Mpaka leo hakijarudi, ingawa mwenyewe anayo stakabadhi.

Chini ya Jabal Musa, mlima wenye urefu wa mita 2,285, ambapo kwa mapokeo Nabii Musa alipewa Amri Kumi, ipo Monasteri ya Mtakatifu Katarina. Kaisari Justinian aliijenga katika karne ya 6 na kuizungushia ukuta mnene wa mawe. Hadi leo watawa wa Kanisa la Kiorthodoksi wanaishi na kusali humo.

Mtu anaweza kuuliza: Wakristo wachache katikati ya jangwa, katika nchi iliyotawaliwa na Waislamu kwa zaidi ya miaka 1,300, walisalimika vipi? Watawa wenyewe humwonyesha mgeni hati. Wanasema Mtume Muhammad aliwapa ahadi ya maandishi kwamba wasibughudhiwe, wala mali yao isiguswe. Wataalamu wanabishana juu ya asili ya hati hiyo. Hata hivyo, watawala waliofuatana huko Misri, hadi masultani wa Kituruki, waliithibitisha. Ndani ya ukuta huohuo kuna msikiti uliojengwa zama za Wafatimi, na mnara wake umesimama karibu na kanisa. Shikeni habari ya hati hiyo, tutairudia.

Mwezi Mei mwaka 1844 alifika hapo msomi Mjerumani mwenye umri wa miaka 29, Constantin Tischendorf. Alikuwa amevuka jangwa kutoka Cairo bila mwenzake yeyote wa kwao, akiongozwa na Mabedui wenye ngamia. Siku hizo lango lilizibwa kwa kuogopa wavamizi, na mgeni alivutwa kwa kamba hadi kwenye mlango wa juu ukutani. Tischendorf alikuwa akitafuta nakala za kale kabisa za Biblia, na maktaba ya monasteri hiyo ni miongoni mwa kongwe duniani.

Humo aliona karatasi za ngozi zilizoandikwa Kigiriki kwa mkono katika karne ya 4. Akapewa 43, akazipeleka Leipzig. Miaka mingi baadaye alisimulia kwamba alizikuta ndani ya kikapu, zikingoja kutiwa motoni. Watawa wamelikanusha jambo hilo siku zote, na wana hoja: watu waliotunza vitabu kwa karne nyingi jangwani hawakosi kujua thamani ya ngozi iliyoandikwa.

Mwaka 1853 alirudi, akaondoka bila alichokitaka. Mwaka 1859 alirudi tena, safari hii akiwa ametumwa na Alexander II, mfalme wa Urusi. Tarehe 4 Februari, mtawa mmoja alimfungulia kitambaa chekundu. Ndani yake mlikuwa na karatasi nyingi za kitabu kilekile, pamoja na Agano Jipya lote, nakala kamili iliyo kongwe kuliko zote zinazojulikana.

Aliomba kukinakili Cairo, watawa wakakubali. Kisha akaomba kukipeleka Urusi kwa muda, wakakubali. Mwezi Septemba mwaka huo alitia sahihi stakabadhi kwa mkono wake, akiahidi kukirudisha kikiwa salama mara watawa watakapokidai.

Hakikurudi. Mwaka 1862 kilichapishwa kwa heshima kubwa huko St Petersburg, na wasomi wa dunia nzima wakafaidika. Jambo hilo jema tusimnyime. Mwaka 1869 monasteri ilitia sahihi hati ya kumpa mfalme kitabu hicho kama zawadi, ikapokea rubli 9,000. Wapo wanaosema kwamba hapo deni lilifutika. Lakini zawadi inayoandikwa miaka 10 baada ya mali kuondoka, na anayepewa akiwa mfalme mwenye nguvu, ina maswali yake.

Mwaka 1933 serikali ya Kisovieti, iliyokuwa na uhaba wa fedha za kigeni, iliuza kitabu hicho kwa Waingereza kwa pauni 100,000. Leo karatasi 347 ziko London, 43 ziko Leipzig, na vipande vichache viko St Petersburg. Sinai penyewe zipo karatasi 12 na vipande, vilivyopatikana mwaka 1975 katika chumba cha monasteri kilichokuwa kimefukiwa. Mwaka 2005 wenye sehemu hizo nne walikubaliana kuzipiga picha zote, na tangu mwaka 2009 mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kukisoma kitabu kizima. Ni hatua nzuri, lakini picha ya ng'ombe haitoi maziwa.

Sasa turudi kwenye hati zetu. Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Watawa wa Sinai walikuwa na daftari. Hati ya kwanza inabishaniwa asili yake, lakini wenye nguvu waliiheshimu kwa karne nyingi, na monasteri ingali imesimama. Hati ya pili haina ubishi. Mwandiko unajulikana na sahihi inajulikana, na kitabu hakikurudi.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, mtu akija kuazima, tuandikishane, maana hilo ni busara. Lakini tusidhani kwamba karatasi ndiyo inayorudisha mali. Mali hurudishwa na mtu mwenye haya ya kuvunja neno lake. Na kama nyumbani kwako, kabatini au chini ya kitanda, kuna kitu cha mwenzio ulichosema utakirudisha jioni, basi jioni ndiyo hii.