Kitanda, Kisu na Dawa: Matibabu ya Kifua Kikuu cha Uti wa Mgongo, 1779–1975

Sehemu hii inachunguza jinsi kifua kikuu cha uti wa mgongo kilivyobadili mpaka baina ya matibabu ya upasuaji na yasiyo ya upasuaji. Hoja inayotetewa ni kwamba uhaba wa vitanda ulichangia kuzaa swali ambalo hospitali zenye nafasi ya kutosha hazikulazimika kuliuliza: je, ni lazima mgonjwa alazwe?

Ugonjwa huu ulielezwa na Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, mwaka 1779. Hula pingili za mgongo, huleta kibiongo, na usaha unapobana ugwe mgongo, mgonjwa hupooza miguu. Kabla ya kupatikana kwa dawa, wagonjwa walilazwa kwa miezi au miaka, wengi wakiwa wamefungwa plasta, kwa imani kwamba mfupa usiotikiswa hupona. Mwaka 1911, Russell Hibbs na Fred Albee wa New York walianza kuunganisha pingili kwa upasuaji wa upande wa nyuma.

Streptomaisini (1943) na isoniazidi (1952) zilifungua njia mbili zilizopingana. Huko Hong Kong, A. R. Hodgson na F. E. Stock walieleza mwaka 1956 upasuaji wa upande wa mbele, unaoondoa mfupa uliooza na kupandikiza mfupa mzima. Kusini mwa Nigeria, P. G. Konstam na S. T. Konstam waliandika mwaka 1958 kuhusu wagonjwa waliotumia dawa huku wakiendelea kutembea.

Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilizipima njia hizo kwa majaribio linganishi. Taarifa za mwaka 1973 kutoka Korea Kusini zilionyesha kwamba, kwa wagonjwa waliopata dawa, kulazwa miezi 6 (Masan) au kufungwa plasta miezi 9 (Pusan) hakukuongeza manufaa. Mwaka 1974, jaribio la Bulawayo lilifikia hitimisho kama hilo kuhusu upasuaji wa kusafisha kidonda cha mfupa. Upasuaji wa Hong Kong pekee ulidhihirisha faida: pingili ziliungana mapema na kibiongo kilipungua. Mwaka 1975, S. M. Tuli wa Varanasi, India, alipendekeza njia ya kati: dawa kwa wote, kisu kwa wanaokihitaji.

Hata hivyo, matokeo haya yanapaswa kusomwa kwa tahadhari. Wagonjwa waliopooza kiasi cha kushindwa kutembea hawakuingizwa katika majaribio hayo. Nao watoto wanaweza kuendelea kupinda mgongo hata baada ya kupona. Kwa hiyo, ushahidi kwamba wengi hupona kwa dawa hauwezi kuhalalisha hospitali isiyo na mpasuaji kumnyima rufaa mgonjwa ambaye miguu yake inazidi kulegea. Uhaba ulisaidia kuonyesha nguvu ya dawa. Haukuthibitisha kwamba upasuaji ni anasa.