Kutoka Kijiji Hadi Mtaa: Historia Fupi ya Mwendakulima na Akina Mama Wake



Kamati ilipokaa kupanga kijitabu hiki tulikubaliana kwamba yasiandikwe mahesabu ya hisa peke yake. Watoto wetu wamekuta nyumba za bati, bodaboda na maji ya bomba, wanadhani hapa palikuwa mji tangu zamani. Sisi elimu yetu wengi ni darasa la saba, hatujasomea historia. Lakini mengi tumeyaona kwa macho yetu, na yale ya kabla yetu tumesimuliwa na wazazi. Basi tunayaandika yasije yakapotea.

MAHALI PENYEWE

Mwendakulima ni kata mojawapo ya Manispaa ya Kahama, mkoa wa Shinyanga. Jina lenyewe linajieleza: mtu anayekwenda kulima. Wakazi wa asili wa Kahama ni Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma, na siku hizi wapo watu wa kila kabila.

Nchi yetu ni tambarare. Juu kuna kichanga kinachofaa karanga, viazi na mihogo. Chini kwenye mbuga kuna udongo mweusi unaoshika maji, ndiko kwenye majaruba ya mpunga. Mvua huanza mwezi wa Novemba hadi Aprili, na ikikosea mwezi mmoja tu, njaa inaingia. Ndiyo maana bibi zetu walikatakata viazi na kuvianika juu ya mawe vikawa michembe, wakaweka akiba ya miezi ya shida. Tukisema sisi ndio tulioanzisha kuweka akiba hapa, tutakuwa tumewanyima haki yao.

Kulikuwa pia na ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Mtu haingizi mifugo humo bila ruhusa. Hiyo nayo ilikuwa akiba.

KIJIJI CHETU

Zamani watu walikaa kwa kutawanyika, kila kaya na uzio wake wa minyaa, chini ya watemi. Utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963, baada ya Uhuru. Miaka ya 1974 hadi 1976 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakaambiwa wahame wakae pamoja. Wazazi wetu walihama na vyungu kichwani, wengine waliacha mahindi shambani. Uchungu ulikuwepo, tusifiche. Lakini shule nazo zilisogea. Mwaka 1977 ilipotangazwa elimu ya msingi kwa wote, sisi mabinti wa wakulima tulipata nafasi ya kukaa darasani. Leo tunaweza kusoma daftari la hisa kwa sababu hiyo.

Miaka ya mwanzo ya 1980 wizi wa ng'ombe ulizidi, Sungusungu wakaanza katika sehemu hizi zetu za Unyamwezi na Usukuma. Usiku ukisikia filimbi, wanaume wote nje. Kijiji kilikuwa kijiji kweli, jambo la mmoja lilikuwa la wote.

Halafu mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yetu. Sheria ilisema mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia. Ilisema halmashauri ya kijiji isigawe ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Na mkutano mkuu wa kijiji ni watu wazima wote kuanzia miaka 18, mama kwa baba.

Je, sisi tulifanya nini na haki hiyo? Tuseme ukweli. Mkutano ukiitwa, wanaume walikaa kwenye viti na magogo, sisi tulikaa chini pembeni tukichambua mboga na kunyonyesha. Ikifika habari ya ardhi, tulisema hayo ni mambo ya baba. Tukiambiwa tunyooshe mikono, tulinyoosha. Hatukuuliza kipande gani, kinakwenda kwa nani, wala jina la nani linaandikwa. Mdomo tulikuwa nao, hatukuutumia.

MJI ULIVYOKUJA

Mji haukuja siku moja. Kahama ipo kwenye barabara inayotoka Isaka, penye stesheni ya reli, kuelekea Rwanda na Burundi, kwa hiyo malori yalikuwepo siku zote. Ila dhahabu ndiyo iliyoongeza mwendo. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na wengi walitafuta maisha mapya mjini Kahama. Mgodi mkubwa wa huko ulifunguliwa mwaka 2001. Wageni wakaongezeka, mashine za kukoboa mpunga zikaongezeka, nyumba za kulala wageni ndio usiseme.

Mwaka 2009 kwetu yalitokea mambo mawili makubwa. Mgodi wa Buzwagi ulianza kutoa dhahabu hapa hapa kwenye kata yetu. Na mradi wa maji ya Ziwa Viktoria ulizinduliwa, maji yakasafirishwa kwa mabomba kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, mpaka Shinyanga na Kahama. Aliyewahi kuamka saa 10 alfajiri kugombea maji ya kisima anajua uzito wa jambo hilo. Kwa maji, mji tunaushukuru.

Mwaka 2012 Kahama ikawa Halmashauri ya Mji, na mwaka 2021 ikawa Manispaa. Mwaka huo huo wa 2021 uzalishaji wa dhahabu Buzwagi ukakoma. Mgodi ulikuja ukafunga, mji umebaki. Katika sensa ya mwaka 2012 halmashauri hii ilikuwa na watu wasiofika laki 2 na nusu. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya laki 4.

Sasa, mji unaingiaje kijijini? Wengi tulifikiri unaingia kwa magorofa. Kumbe unaingia kwa karatasi na vigingi. Kijiji kinaitwa mtaa. Shamba lililohesabiwa kwa ekari linahesabiwa kwa mita za mraba, linaitwa kiwanja. Ardhi iliyokuwa ya kijiji inakuwa ardhi ya mjini, na mambo yake yanakwenda kwa manispaa na kwa Kamishna wa Ardhi. Mwenyekiti wa mtaa tunamchagua, mikutano ya mtaa ipo, lakini ule mkutano mkuu wenye idhini ya kugawa ardhi haupo tena. Tulipokuwa na mkutano hatukusema. Tulipojifunza kusema, mkutano umekwisha.

Madhara yake tumeyaona. Mwenzetu mmoja alilima shamba miaka 20. Ilipolipwa fidia, jina lililoandikwa lilikuwa la mume peke yake. Fedha zilipotoka mume hakurudi nyumbani kwa miezi, na aliporudi alirudi mikono mitupu. Mama akabaki na watoto watano na jembe, bila mahali pa kulitia hilo jembe. Hakuna aliyemwibia kwa sheria. Alikosa tu jina kwenye karatasi.

KIKUNDI KIKAZALIWA

Ndipo miaka 10 iliyopita tukaanza, akina mama 18, chini ya mwembe. Hisa ilikuwa shilingi 2,000. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Wengine walitucheka, wakasema ni kikundi cha umbea. Hatukuwajibu.

Mwanzoni tulikopeshana kwa ajili ya mchele, vitenge, ada na matibabu. Halafu upimaji wa viwanja ulipofika kwetu, mwanachama mwingine, mjane, akakuta kiwanja chake kimeandikwa jina la shemeji. Siku ya kuandikishana yeye alikuwa ameenda kumuuguza binti yake. Alikuja kwenye kikao analia. Tulisimamisha habari za mikopo, tukauliza: nani anaujua mpaka wa shamba hili? Wakasimama wanne. Mmoja alisema, "Yale minyaa tulipanda pamoja, mimi na yeye, mwaka ule wa mvua nyingi." Tulikwenda kutoa ushahidi wote, si yeye peke yake. Nauli ilitoka mfuko wa jamii. Ilichukua miezi mingi. Hakurudishiwa chote, alipata nusu, lakini nusu hiyo ina jina lake, na nyumba yake ipo pale.

Siku hiyo tulielewa kikundi chetu ni nini hasa. Ule mkutano wa kijiji tulioukalia kimya, tumeurudisha wenyewe chini ya mwembe, na safari hii tunasema. Kila mtu anasikilizwa, hesabu inasomwa kwa sauti, na ukichelewa unalipa faini hata kama ni mwenyekiti. Mwenyekiti amelipa mara tatu.

Tulikosea pia. Tuliwahi kutoa mkopo mkubwa kwa dhamana ya kiwanja bila kukagua, kumbe kilishauzwa. Fedha hiyo hatujaipata yote mpaka leo. Tangu hapo tunakwenda kuona kwa macho, tunawauliza majirani, tunasoma karatasi mpaka chini.

TUNAKOKWENDA

Hatulii kwamba kijiji kimekwisha. Mwanamke aliyechota maji ya ziwa mlangoni kwake hawezi kutamani kisima. Bado jaruba zipo, michembe tunakula, na jina la Mwendakulima halijafutwa. Ila tunasema kwa wenzetu ambao mji bado uko njiani kuja kwao, huko Geita na kwingineko: msingoje vigingi. Kama bado mna mkutano wa kijiji, ingieni, kaeni mbele, ulizeni.

Na kwetu wanachama, mwaka wa 11 tumejiwekea lengo moja. Kila mmoja alete kwenye kikao karatasi ya mahali anapolala, tuisome pamoja. Kama jina lako limo, tutapiga makofi. Kama halimo, usione haya. Sema, tuanze safari, nauli ipo kwenye sanduku.

 

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote