Makaratasi ya Kampuni ni Mali ya Watu: Kutoka Sahani za Wedgwood hadi Dhahabu ya Kilo-Moto

Ukigeuza sahani nzuri ya kizungu, mara nyingi chini yake utakuta jina la kampuni iliyoitengeneza. Moja ya majina yanayojulikana sana duniani ni Wedgwood, la Uingereza. Katika kijitabu cha mila tumezoea kusoma juu ya ngoma, mahari na vyungu vya mama zetu. Mimi ninataka kuzungumza juu ya desturi ambayo kwetu bado ni changa: kutunza makaratasi ya kazi. Historia ya ile kampuni ya sahani inaonyesha faida yake, na hasara ya kuiacha.

Josiah Wedgwood alizaliwa mwaka wa 1730 huko Burslem, katika jamaa ya wafinyanzi. Alipokuwa kijana ndui ilimharibu goti, na mwaka wa 1768 mguu ukakatwa. Kwa sababu kuzungusha gurudumu la mfinyanzi kwa mguu kulimshinda, akatia akili yake katika kujaribu: udongo gani, mchanganyiko gani, moto kiasi gani. Mwaka wa 1759 akaanza kazi yake mwenyewe. Vyombo vyake vyenye rangi ya maziwa vilimpendeza Malkia Charlotte, vikaitwa vyombo vya Malkia. Mwaka wa 1769 akafungua kiwanda kikubwa, Etruria. Huko mmoja alikanda, mwingine aliumba, mwingine alipaka rangi, na kengele iliwaita wote kazini kwa saa moja. Mwaka wa 1787 alitoa nishani ndogo yenye picha ya Mwafrika aliyefungwa minyororo, anayeuliza kama yeye naye si mtu na ndugu. Nishani ile ilisaidia sana wale waliopinga biashara ya watumwa. Wedgwood alikufa mwaka wa 1795. Sahani laini kabisa, ile inayotiwa majivu ya mifupa mpaka mwanga unapenya, kampuni iliianza mwaka wa 1812, wakati wa mtoto wake.

Mzee huyu alikuwa na tabia moja: aliandika. Kila jaribio lilipewa namba katika daftari. Barua alizomwandikia mshiriki wake Thomas Bentley, hesabu na maagizo ya wateja, mengi yaliwekwa. Lakini baada ya kifo chake sehemu ya makaratasi hayo ilitupwa. Mwaka wa 1848 Joseph Mayer, mtu wa Liverpool aliyependa kukusanya vitu vya kale, aliyakuta kwa muuza takataka huko Birmingham. Wenye maduka walikuwa wanayanunua ili kufungia siagi na nyama. Sisi tunaonunua karanga sokoni ndani ya karatasi ya daftari tunaelewa vizuri sana. Mayer aliyanunua, na hivyo yakapona.

Hatari ya pili ilikuja juzijuzi. Mwezi wa kwanza 2009 kampuni ilianguka, na mfuko wa pansioni ya wafanyakazi ulikuwa na deni la pauni milioni 134. Makumbusho ya Barlaston, yenye vyombo, barua, madaftari na picha zaidi ya 80,000, yalikuwa shirika la pekee. Lakini wafanyakazi wake watano walikuwa ndani ya mfuko ule ule, na kwa sheria deni lote likayaangukia. Mwaka wa 2011 UNESCO iliyaandika makaratasi hayo katika orodha ya kumbukumbu za Uingereza. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule ule hakimu akasema mali yote inaweza kuuzwa ili kulipa deni. Neno hili ni zito. Wafanyakazi wazee walikuwa na haki ya pansioni, na makaratasi nayo yalikuwa historia ya hao hao wazee. Mwaka wa 2014 zilitakiwa pauni milioni 15.75. Mashirika makubwa yalitoa sehemu kubwa, na pauni milioni 2.74 za mwisho ziliombwa kwa watu wote. Zilipatikana kwa muda wa kama mwezi mmoja. Mali ilipewa Makumbusho ya Victoria and Albert ya London, lakini ikaachwa pale pale Barlaston, karibu na watu walioifanyia kazi.

Sasa mtu ataniuliza: Mwalimu, hiyo inatuhusu nini sisi watu wa Mongbwalu? Inatuhusu, maana hata sisi ni watoto wa kampuni. Mwaka wa 1903 Hannam na O'Brien, watafuta-madini kutoka Australia, waliona dhahabu katika mto Agola, upande wa Kilo. Mwaka wa 1905 kuchimba kukaanza. Mwaka wa 1926 ikaundwa SOKIMO, mwaka wa 1966 ikawa OKIMO ya Leta, na baadaye ikarudia jina la SOKIMO. Babu zetu wengi walipelekwa kazini kwa nguvu, kwa kupitia machifu. Mwanahistoria Agayo Bakonzi alitoa kitabu chake cha udaktari mwaka wa 1982 katika chuo kikuu cha Wisconsin, Marekani, juu ya migodi hii kuanzia 1905 hadi 1960. Kazi kama ile haiwezekani kama makaratasi yamekwisha. Kwa jamaa nyingi, mahali pekee ambapo jina la babu limeandikwa kwa wino ni katika fishi ya kampuni.

Halafu vita ilipita Mongbwalu, zaidi sana kati ya 2002 na 2004. Katika vita mtu anakimbia na mtoto mgongoni, hakimbii na klaseri. Lakini amani ikirudi, mzee akienda CNSS, zamani INSS, kutafuta pansioni yake, swali la kwanza ni moja: miaka uliyofanya kazi iko wapi, onyesha. Hapo karatasi moja ya mshahara inapita hadithi kumi.

Kwa hiyo tusingoje Joseph Mayer atoke mbali. Kitabu cha kazi cha baba, risiti ya mshahara, picha ya kambi, barua ya kuachishwa: visiingie jikoni kuwasha moto, visiende sokoni. Vifungwe ndani ya plastiki, mbali na mchwa na mvua. Shule na parokia zinaweza kupiga fotokopi na kuandika orodha, na wanafunzi wetu wanaweza kuandika maneno ya wazee walioshuka mgodini wakati bado wanasema. Dhahabu iliyotoka Kilo-Moto haitarudi. Majina ya walioichimba bado yanaweza kubaki.