Siku za Pipa

Tarehe 10 Septemba 1919, huko Saint-Germain-en-Laye karibu na Paris, mataifa saba, Ubelgiji mojawapo, yalitia sahihi mkataba juu ya vileo barani Afrika. Mkataba ulipiga marufuku kukeneka pombe ya aina yoyote karibu Afrika nzima. Zilizoachwa nje ni Algeria, Tunisia, Moroko, Libya, Misri na Afrika Kusini. Hata kuuza au kumiliki chombo cha kukenekea likawa kosa. Mabwana wale walikuwa wanawaza bomba na mtungi. Sisi tuliokulia katika moshi wa lutuku, pombe yetu ya kukeneka, kule Lubutu, mashariki mwa Kongo, tunajua kwamba bomba si shida: unalichomoa, unalizamisha mtoni, kesho unalifuata. Kinachomkamatisha mwanamke ni pipa lililoanza kuchachuka. Halibebeki, linanuka, na lina siku zake.

Mama yangu alipika lutuku kando ya barabara ya Kisangani–Bukavu, inayopita katikati ya Lubutu, na kwa pesa hizo nikasoma mpaka nikawa mwalimu. Muhogo aliuloweka hadi ukalainika, akauponda, akaupika kwa mvuke ndani ya majani, akauacha upoe. Mahindi aliyaotesha: punje ikichomoza kijimea cha urefu wa ukucha, ilianikwa, ikatwangwa. Kimea hicho ndicho kinachogeuza wanga wa muhogo kuwa sukari. Bila hicho unabaki na uji. Vyote viliingia katika pipa la lita 200, lile la mafuta ya gari, vikaongezwa maji, na mdomo ukafunikwa kwa majani ya mgomba na gunia.

Siku ya pili pipa lilianza kutoa mapovu, ya tatu likapanda mpaka kwenye majani. Nami nilipenda kuchungulia. “Papa,” aliniambia, maana kwetu mama humwita hivyo mwanawe wa kiume, “kama unafungua kila saa, utaniharibishia.” Alichokiogopa ni hewa ya nje. Kabla povu halijashuka, hewa inayojikusanya juu ya pipa ni nzito na huzima hata njiti ya kiberiti. Hiyo ndiyo inayolilinda. Ukifunua ovyo, unaifukuza.

Alipima kwa ulimi. Likiwa tamu, bado. Utamu ukiisha, ukabaki ukali wenye uchungu kidogo na povu limetulia, moto uwashwe. Katika joto la Lubutu, karibu kabisa na ikweta, hiyo ilikuwa siku ya nne au ya tano. Mvua zikishika, hata juma zima. Baada ya hapo ana siku mbili, labda tatu akilifunga vizuri. Akipitisha hizo, utando mweupe unatanda juu, na harufu ya siki inampokea mlangoni.

Wakati huo kileo chenyewe kinaliwa. Vijidudu vya siki vikipata hewa huigeuza pombe kuwa asidi, kwa hiyo kila siku ya kungoja inaondoka na chupa zake. Na asidi hiyo hupanda pamoja na mvuke: lutuku inakwaruza koo, na pipa la chuma linaliwa na kutu. Wako wanaosema kwamba pipa lililolala ndilo linalopofusha watu. Si kweli. Kinachopofusha ni methanoli, na misiba mikubwa, kama ile ya Kenya ya mwaka 2000 na 2014, ilihusu pombe iliyotiwa methanoli na wauzaji wenye tamaa. Pipa lililochacha humfilisi mpishi. Macho ya mnywaji haliyagusi.

Hasara ya namna hiyo ndiyo iliyompeleka mfanyabiashara mmoja wa Lille, Ufaransa, jina lake Bigo, kwa mwalimu wa kemia Louis Pasteur mwaka 1856. Bigo alitengeneza pombe kwa viazisukari, na baadhi ya mapipa yake yalikuwa yanachacha tu. Pasteur akaweka tone chini ya hadubini: katika mapipa mazima akaona chembe za mviringo za hamira, katika mabovu akaona vijiti vidogo vidogo. Mwaka uliofuata akachapisha andiko lake juu ya asidi ya maziwa, na elimu kubwa ya vijidudu ikafuata njia hiyo. Mama angekaa na Bigo wakaelewana bila mkalimani.

Ila Bigo hakuwa na Bulamatari, yaani serikali ya kikoloni, mlangoni. Tangu mwaka 1917 serikali hiyo iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao iliyoyataka kwa siku 60 kila mwaka. Kwetu Maniema mpunga na pamba ndivyo vilivyotawala. Mwaka 1942, kwa sababu ya vita vya wazungu, siku zikapandishwa hadi 120, na watu wakarudishwa porini kutafuta mpira. Bibi yangu, mzaa mama, alisimulia jinsi walivyoweka pombe kwa kuhesabu siku za kapita, msimamizi wa kazi za lazima. Ukiweka Jumatatu, halafu Ijumaa ukaitwa kutengeneza barabara, umekwisha. Basi wakajifunza kuisumbua. Waliotaka iwahi waliongeza kimea na kuiweka karibu na jiko. Waliotaka ichelewe waliitia katika vyungu vilivyofukiwa mpaka shingoni, ndani ya kivuli cha msitu, kandokando ya kijito, ambako baridi ya udongo iliwapa siku mbili tatu zaidi. Maficho na ubaridi vikapatikana mahali pamoja. Nadhani ujuzi wetu mwingi juu ya pipa ulitoka hapo, katika kukwepa, wala si katika kutafuta ladha.

Februari 1944 Wakumu wa Masisi na Lubutu waliinuka na Bushiri Lungundu kwa jina la dini ya Kitawala. Waliuawa kwa bunduki, na askari wakazunguka kijiji kwa kijiji. Kwa mpishi wa lutuku, askari ni mnunuzi na ni mkamataji, na mara nyingi ni mtu yule yule. Bibi alisema walikuja usiku kununua kwa njia ile ile waliyojia mchana kumwaga.

Huko kusini, Punia na Kalima, migodi ya bati ilikuwa imejaa watu wa mshahara. Hapo siku za pipa zikapata bwana mwingine, naye ni mwisho wa mwezi. Ukipika mapema, walaji hawana pesa na lutuku utaikopesha. Ukichelewa, mshahara umeshaliwa. Lutuku iliyokwisha kupikwa haina haraka, inakaa miezi ndani ya bido, yaani dumu, bila kuharibika. Lakini nani mwenye njaa anaacha bido likae miezi? Kwa hiyo hesabu ilirudi palepale kwenye pipa: liwekwe lini ili liive siku ya mshahara.

Majirani wamebadilisha sheria zao. Uganda iliweka leseni za enguli, lutuku ya huko, mwaka 1965, ikawa inanunuliwa na kusafishwa kiwandani kuwa waragi. Kenya iliikataza lutuku yake, chang’aa, mwaka 1980, ikairuhusu kwa masharti mwaka 2010. Kwetu mambo humalizwa kwa maharagi ya watoto, yaani rushwa, na bei ya maharagi hupanda kadiri pipa linavyokaribia kuiva, kwa sababu mtu wa Leta, yaani wa serikali, naye anajua kunusa.

Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walijaa Tingi-Tingi, kilomita chache kutoka Lubutu, zaidi ya laki moja, na barabara yenyewe ikawa uwanja wa ndege. Mwisho wa Februari 1997 askari waasi wa AFDL wakafika, nasi tukakimbilia msituni. Mama aliacha pipa la siku tatu. Tuliporudi lilikuwa siki tupu, kali hata machozi yanatoka. Alilipika hivyo hivyo, kwa kuwa nyumba haikuwa na kitu kingine. Zilitoka chupa chache mno. Walionunua ni askari wapya, na hakuna aliyelalamika.

Siku hizi wapishi wa Lubutu wana mapipa ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, ambayo hayashiki kutu na hayapitishi hewa ovyo. Wanayalegeza kidogo mapovu yakiwa mengi, kisha wanayakaza. Vijana wa toleka wanasukuma mabido kwenye baiskeli hadi barabara inapoishia kwenye matope, pikipiki zinachukua yaliyobaki. Bomba la shaba ndilo bado ni ghali, kwa hiyo wanawake wanne au watano hulimiliki pamoja, kwa mtindo wa likelemba, yaani upatu, na kila mmoja anaweka pipa lake siku tofauti ili zamu zisigongane. Zinagongana tu: jua likiwaka sana, pipa la tatu linaiva kabla ya la pili. Kanuni yao katika hilo ni moja. Lililoiva kwanza linapikwa kwanza, na mwenye nalo anamlipa chupa moja yule aliyerukwa, chupa ya katikati ya upishi, si ya mkiani.