Wino wa Masizi na Gundi ya Mgunga

Kabla sijajua kushika kalamu ya risasi, nilijua kutengeneza wino. Duksi yetu, chuo cha Qurani, ilikuwa chini ya mti, Bulla Iftin, mjini Garissa, na maalim alitutuma nyumbani tukakwangue masizi ya sufuria na kuokota makaa. Tuliyasaga yakawa unga, tukayatia maji, kisha xabag, ile gundi ya mgunga, iliyolowekwa tangu usiku. Gundi ikipungua, herufi zinapukutika ubaoni mara wino unapokauka. Ikizidi, kalamu inanata. Maalim alichovya kidole, akakisugua na cha gumba, akajua.

Ubao wenyewe, loox kwa Kisomali, ulikuwa na mpini na ulilainika kwa mikono ya waliotutangulia. Kalamu ilikuwa kijiti kilichochongwa ncha kwa mshazari, ndiyo maana herufi ilinenepa ikishuka na kukonda ikigeuka. Aya ikishahifadhiwa, ubao huoshwa. Maji yale meusi hayakumwagwa penye kukanyagwa: tuliyamwaga shinani mwa mti, na mtoto mgonjwa alipewa anywe. Ndugu zetu wa pwani wana kombe, aya iliyoandikwa kwa zafarani sahanini ikaoshwa kwa maji ya kunywa. Imani ni moja.

Tulianza na higgaad, yaani kutamka herufi kwa irabu zake. Alifu iliyoguswa juu, iliyoguswa chini, iliyokunjwa: a, i, u. Majina hayo ya Kisomali yanasimuliwa kuwa ya Sheikh Yusuf al-Kawnayn, anayeitwa pia Aw Barkhadle, aliyezikwa karibu na Hargeisa karne nyingi zilizopita. Mchungaji asiyejua neno moja la Kiarabu alisomeshwa Kiarabu kwa lugha ya mamake. Sijaona ufundi wa ualimu ulioupita huo.

Ulaya nayo ilikuwa na njia yake: karne za 16 na 17 ilifundisha dini kwa picha zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba. Kitabu cha picha za Injili cha Jerome Nadal kilichapwa Antwerp mwaka 1593, na wachoraji wa Ethiopia, ng'ambo ya mpaka wetu wa kaskazini, waliziiga picha zake katika karne ya 17. Kwetu herufi, si picha, ndiyo iliyobeba mafundisho ya dini. Bamba la shaba lilitoa nakala nyingi za karatasi. Loox ilitoa nakala moja tu, kifuani mwa mtoto, kisha ikaoshwa ipokee sura nyingine.

Waliotaka kitabu kinachodumu walikuwa na Siyu, kisiwani Pate, upande wa bahari kutoka Ijara, mji uliokaliwa na Waswahili na Wasomali pamoja. Karne za 18 na 19 waandishi wake walinakili misahafu kwa mkono kwenye karatasi zilizotoka Ulaya, wakaipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano.

Baadaye ikaja misahafu ya kuchapwa kwa mawe kutoka Bombay. Ufundi huo ulibuniwa na Alois Senefelder huko Ujerumani miaka ya 1790. Maandishi huwekwa juu ya jiwe kwa wino wa mafuta, kisha jiwe hupakwa gundi ya mgunga yenye tindikali kidogo, ili pasipo na herufi pashike maji na kuukataa wino. Niliposoma habari hiyo nikiwa mtu mzima nilisimama kidogo: ni xabag ileile tuliyoloweka usiku, ile ambayo wafugaji wa Garissa, Wajir na Mandera huikusanya hadi leo wakaiuze. Na herufi za jiwe bado zilitoka mkononi mwa khatati, mwandishi wa hati nzuri. Msahafu wa Cairo wa 1924, uliopangwa kwa herufi za risasi, ndio uliozoesha wasomaji wengi umbo moja.

Leo juzuu amma, sehemu ya mwisho ya Qurani, inauzwa dukani kwa bei nafuu, na watoto wengi wa mjini hawajawahi kusaga makaa. Mbao za loox bado nimeziona Dadaab, kambi iliyofunguliwa 1991, mikononi mwa watoto waliozaliwa humo. Garissa kwenyewe nyingi zimekuwa kuni.

Kama nyumbani kwenu umebaki ubao wa babu au nyanya, usiutie motoni. Muulize mzee aliyepo ulichongwa na nani na kwa mti gani, uandike jibu lake leo.