Filamu za karate za vijana: Mtoto wako amemfuata mwalimu gani?

Ukipita jioni katika bulla za Garissa, au huku kwetu Kisauni, Malindi na Lamu, huchukui muda kuwakuta wavulana wakirushiana mateke. Mmoja amesimama kwa mguu mmoja, mikono ameinyanyua kama korongo anayetaka kuruka. Muulize amejifunza wapi, atakwambia: kwenye muvi. Lakini teke lile lina umri mkubwa kuliko yeye, na mara nyingi kuliko babake. Limetoka kwenye filamu ya mwaka 1984, The Karate Kid.

Makala haya yanaeleza filamu za aina hii ni zipi, zilianzia wapi, zinafikaje Kaskazini Mashariki, na mzazi azitazame kwa jicho gani.

Ni filamu za aina gani?

Filamu ya karate ya vijana ina mifupa ile ile kila mara. Kijana anahamia mahali pageni. Anaonewa na wenye nguvu. Anampata mzee asiyedhaniwa kuwa fundi, na mzee anamfunza. Mwisho yapo mashindano, na staringi anashinda.

Mbegu yake ilipandwa Hong Kong. Mwaka 1973 Bruce Lee aliifanya dunia nzima ipende kung fu kwa filamu ya Enter the Dragon, iliyotoka baada ya kifo chake. Mwaka 1978 Jackie Chan akaigiza Drunken Master: kijana mtukutu anapelekwa na babake kwa mzee mlevi ili atiwe adabu. Hapo kijana na mwalimu wake ndio kitovu cha hadithi.

Filamu ya 1984

The Karate Kid iliongozwa na John G. Avildsen, ambaye kabla ya hapo aliongoza Rocky. Mwandishi wake, Robert Mark Kamen, alijifunza mwenyewe karate ya Okinawa ya mtindo wa Goju-ryu, na jina la mzee wa filamu, Miyagi, limetoka kwa Chojun Miyagi, mwanzilishi wa mtindo huo aliyefariki 1953.

Daniel, anayeigizwa na Ralph Macchio, ni mtoto aliyefiwa na baba. Anahama na mamake kutoka New Jersey hadi California. Huko anapigwa na wavulana wa kilabu cha Cobra Kai. Miyagi ni fundi wa kurekebisha vitu katika nyumba wanazokaa. Anakubali kumfunza, lakini kwanza anamtia kazini: kung'arisha magari, kusugua sakafu ya mbao, kupaka rangi ua na nyumba. Daniel anakasirika, anaona amefanywa kijakazi. Kumbe kila kazi ile ilikuwa ikimzoeza mkono wake kukinga pigo.

Pat Morita, aliyemwigiza Miyagi, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Katika onyesho moja mzee anakunywa peke yake, na Daniel anagundua kwamba mke na mtoto wa Miyagi walikufa wakati wa kujifungua katika kambi ya Manzanar. Marekani iliwafungia humo raia wake wenyewe wenye asili ya Kijapani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huku Miyagi akiipigania Marekani hiyo hiyo Ulaya. Morita mwenyewe alipitia kambi kama hiyo utotoni.

Msomaji wa Garissa haitaji kuelezwa kambi ni nini. Dadaab ipo tangu 1991, na Ifo, Dagahaley na Hagadera zimelea watoto ambao sasa wana watoto wao.

Walimu wawili

Watu wengi huikumbuka filamu hii kwa teke la mwisho. Kiini chake ni kwamba ina walimu wawili, na vijana wamegawanyika baina yao.

Wa pili ni Kreese, mwenye Cobra Kai, mwanajeshi wa zamani. Anawafunza wanafunzi wake wawahi kupiga, wapige kwa nguvu, na wasimhurumie mtu. Kwenye mashindano anamwamuru mwanafunzi mmoja amuumize Daniel asiweze kuendelea. Kijana anatii, kisha anaomba msamaha palepale. Johnny, bingwa wa Kreese, akishindwa anachukua kombe na kumkabidhi Daniel kwa mkono wake. Vijana wale hawakuzaliwa waovu. Walikuwa na nguvu, na aliyewahi kuwachukua alikuwa Kreese.

Toleo la 2010, lililoongozwa na Harald Zwart, lilikwenda njia hiyo hiyo. Dre, anayeigizwa na Jaden Smith, anahama na mamake kutoka Detroit hadi Beijing, asikojua lugha. Jackie Chan, mtukutu wa 1978, sasa ndiye mzee anayefunza. Jina la filamu linasema karate lakini mtoto anafunzwa kung fu. Hapo pia yupo mwalimu wa pili anayewafunza watoto ukatili.

Zinavyofika kwetu

Filamu hizi huingia kwa simu, kwa flashi na kwa vibanda vya video. Vibandani mara nyingi hazizungumzi Kiingereza. Kenya ina DJ Afro, Tanzania ilikuwa na Lufufu, na Uganda ina ma-VJ wake: watu wanaosimulia filamu juu ya sauti yake, wakifasiri, wakitania, wakiwapa waigizaji majina mapya. Kwa mtoto wa Garissa anayezungumza Kisomali nyumbani, kibanda kimekuwa pia darasa la Kiswahili, tena kile cha Nairobi. Huko Dadaab, shirika la FilmAid lilionyesha filamu hadharani na kuwafunza vijana kutengeneza za kwao.

Usimulizi ni sanaa, na mimi siukatai. Lakini una gharama. Msimulizi hulipwa kwa msisimko, na onyesho la mzee analia kimya halina msisimko. Linapita chini ya mzaha. Mtoto anatoka kibandani na teke, amemwacha Miyagi ndani.

Sheria inasemaje?

Kenya ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Filamu inayoonyeshwa hadharani yafaa iwe imekaguliwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Bodi huzipa filamu madaraja manne: GE ni ya watu wote, PG yataka mzazi awe karibu na kuelekeza, 16 haifai kwa walio chini ya umri huo, na 18 ni ya watu wazima pekee. Mwenye kibanda anayemruhusu mtoto wa miaka kumi kutazama filamu ya 18 hana udhuru wa kusema ni karate tu.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu

Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Serikali ilieleza kwamba mmoja wa washambuliaji alikuwa kijana Mkenya mwenye shahada ya sheria. Hakukosa shule. Alipata mwalimu mwingine. Sisi wa Pwani pia tumewahi kuamka asubuhi na kukuta kitanda cha kijana kitupu.

Mwaka huo huo, tarehe 21 Desemba, wanamgambo walilisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera na kutaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Kisa hicho kilizaa Watu Wote, filamu fupi ya Katja Benrath iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Haina teke hata moja. Lakini anayemtafuta Miyagi wa Kaskazini Mashariki ataanzia hapo: mtu asiye na silaha aliyejua nguvu ni ya kumkingia nani.

Wasomali humwita macallin, sisi twasema mwalimu au maalim, na yote yana shina moja la Kiarabu. Wahenga wetu walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu siku hizi una vibanda, una simu, na una akina Kreese wanaojua kusubiri nje ya lango.

Mzazi afanye nini?

Kupiga marufuku peke yake hakusaidii, maana simu iko mfukoni. Angalia daraja la filamu kwanza. Itazameni pamoja, angalau mara moja, kwa sauti yake ya asili au kwa utulivu, kisha muulize mtoto: kwa nini Miyagi alimkosha magari? Kwa nini Johnny alitoa kombe? Ukiona moyo wake umependa mchezo wenyewe, mtafutie kilabu cha karate au taekwondo, na kabla ya kulipa ada kaa pembeni umsikilize anayefunza. Sikiliza anasema nini mwanafunzi mmoja anapoanguka. Hapo utajua ni mwalimu yupi kati ya wale wawili.